Kelele na Muziki

Plateau ni mahali patulivu. Jina lenyewe ni la kigeni, na maana yake ni uwanda ulioinuka. Na kweli nchi hii ya Uasin Gishu imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na upepo wake hauna kizuizi. Mashamba ya ngano na mahindi yametandaa pande zote, na katikati yake hupita reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ikielekea Uganda. Mtu akaaye mahali kama hapa hujifunza upesi kutambua sauti moja moja. Akisikia mashine ya kusagia mahindi, hujua ni ya nani. Akisikia mashine ya kuvunia ngano, hujua imeingia shamba gani. Mvua ya mawe ikipiga mabati hujua, kabla ya kutoka nje, kwamba mazao yameharibika. Sauti huwa habari kwake, na kwa sababu hiyo ningetazamia kwamba mwalimu aliyekaa Plateau miaka mingi awe msikilizaji mwema. Insha hii ni ungamo la mwalimu ambaye siku moja hakuwa hivyo.

Katika mashindano madogo ya muziki ya shule, ambayo hayakutuma mtu popote wala kumpa mtu kikombe, nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Wanafunzi walileta nyimbo za kwaya na ngoma za jadi, nyingine nzuri, nyingine za kuvumilika. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuja peke yake. Alikuwa na simu, kipaza sauti na debe. Alikuwa amenasa mlio wa mashine ya kusagia mahindi, akaukata vipande, akaurudiarudia, akauzidisha nguvu hata ukakwaruza. Na juu ya mkwaruzo huo alipiga debe kwa mikono yake. Kazi hiyo ilikuwa ya dakika nne. Baada ya dakika moja hivi niliinua mkono nikamwamuru azime. Nilimpa sifuri, na chini ya sifuri nikaandika methali: Debe tupu haliachi kuvuma. Wenziwe walicheka, na mimi, naona haya kusema, nilifurahi walipocheka. Alipokuja kuchukua karatasi yake aliisoma, akaikunja, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hukusikiliza hata mwisho."

Sikumjibu siku ile, kwa kuwa sikuwa na jibu. Tangu hapo nimetafuta nijue alichokuwa akijaribu kufanya, na nimegundua kwamba hakuwa peke yake duniani, wala katika Afrika ya Mashariki. Nataka kuwaelezeni, vijana wasomaji, muziki wa kelele ni nini, umetoka wapi, una sifa gani na kasoro gani. Kisha mtaamua wenyewe kama hukumu yangu ilikuwa ya haki.

Kwanza yatupasa kujua kelele ni nini. Mwalimu wa fizikia atawaambieni kwamba uzi wa kinanda ukipigwa hutetemeka kwa mpango, mara kadhaa zilizo sawa katika kila sekunde, na mpango huo ndio unaosikika kama noti. Sahani ikianguka ikavunjika, mitetemo yake haina mpango, na hiyo huitwa kelele. Elezo hili ni la kweli lakini halitoshi, maana kwa kipimo hicho kayamba ni kelele, njuga ni kelele, makofi ni kelele, na hakuna mtu wa pwani wala wa bara aliyekubali kwamba kayamba si muziki. Liko elezo la pili, ambalo watu hulitumia bila ya kulitaja: kelele ni sauti nisiyoitaka. Tarumbeta la harusi ya ndugu yangu ni muziki. Tarumbeta lile lile kwa jirani mwenye mgonjwa ni kelele. Elezo la kwanza hupima sauti, la pili humpima msikilizaji. Wengi wetu huchanganya mambo haya mawili: tunapochukizwa na sauti husema kwamba sauti yenyewe haina mpango. Nami nilifanya kosa hilo.

Watu walianza kuuliza habari hizi zamani. Mwaka 1913 mchoraji mmoja wa Italia, Luigi Russolo, aliandika waraka akaupa jina la Sanaa ya Kelele. Alidai kwamba masikio ya watu wa mijini yamekwisha kuzoea injini, magari ya moshi na viwanda, na kwamba okestra zenye noti tupu haziwezi tena kuyashibisha. Hakuishia katika maneno. Alitengeneza masanduku yenye mikono ya kuzungusha na pembe za kutolea sauti, moja likinguruma, jingine likipiga mluzi, jingine likikwaruza, akayapiga mbele ya watu. Watu wengi walizomea.

Lakini nchi iliyoifanya kelele kuwa fani kamili, yenye mabingwa na wafuasi wake, ni Japani. Mwaka 1979 mtu wa Tokyo aitwaye Masami Akita alianza kazi yake kwa jina la Merzbow. Jina hilo alilipata kwa msanii wa Ujerumani, Kurt Schwitters, aliyekuwa akiokota vitu vilivyotupwa na kuviunganisha mpaka vikawa sanaa. Mwaka huo huo, upande wa Kyoto na Osaka, lilianzishwa kundi la Hijokaidan, neno lenye maana ya ngazi za kukimbilia wakati wa hatari. Na kiongozi wake, Jojo Hiroshige, alifungua mwaka 1984 kampuni ndogo ya santuri mjini Osaka iitwayo Alchemy. Hawakuwa matajiri wala hawakuwa na redio ya kuwatangaza. Walirekodi kanda nyumbani, wakazipeleka kwa posta kwa watu wachache wa nchi nyingine waliopenda mambo kama yao, nao wakapelekewa za wenzao. Toshiji Mikawa, aliyeanzisha Incapacitants mwaka 1981, alikuwa mfanya kazi wa benki. Mwenziwe katika kundi hilo, Fumio Kosakai, alikuwa mtumishi wa serikali. Mchana walivaa tai na kuandika hesabu, na usiku walipanda jukwaani wakanguruma kama radi. Habari hii yafaa ikumbukwe na kila mtu adhaniye kwamba muziki wa namna hii ni wa wavivu na wazururaji.

Walifanyaje kazi? Jibu mnalijua, maana mmelisikia katika baraza la asubuhi. Mwalimu mkuu akikaribia kipaza sauti huku amekielekeza kwenye spika, hutokea mlio mkali unaowafanya wanafunzi wote wazibe masikio. Sauti itokayo katika spika huingia tena katika kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka kubwa zaidi, ikaingia tena, na hivyo hivyo bila kikomo, kama mtu anayesimulia uvumi aliousimulia yeye mwenyewe. Fundi wa shule huukimbilia mlio huo auzime. Wajapani hawa waliukimbilia waushike. Waliunganisha mashine zao hata matokeo ya moja yakarudi kuwa chanzo chake, kisha wakazungusha vifundo kidogo kidogo, wakaongoza mlio huo kama mtu aongozavyo fahali kwa kamba iliyo katika pua. Fahali haendi kila mara atakako mwenye kamba, na raha ya mchezo imo humo.

Nimesikiliza santuri moja ya Merzbow iitwayo Pulse Demon, iliyotolewa mwaka 1996. Nitasema nilichosikia bila kujisingizia ujuzi. Dakika za mwanzo zilikuwa maumivu matupu. Baadaye sikio langu lilifanya lifanyavyo chini ya mabati mvua inaponyesha kwa nguvu. Mara ya kwanza mtu husikia ngurumo moja tu. Akitulia, husikia kwamba upande wa mlango matone ni mazito, kwamba bomba linaimba, kwamba upepo unapokata, ngurumo yote hugeuka rangi. Ndani ya kelele ile mlikuwa na tabaka, na tabaka hizo zilikuwa zikisogea. Hilo ni jambo la kusifiwa. Mtunzi amemlazimisha msikilizaji kufanya kazi ambayo katika nyimbo nyingi hufanywa na mtunzi: kutafuta njia.

Lakini mhakiki hapewi kalamu ili asifu tu. Kasoro ya kwanza ya kelele hizi ni kwamba mtu akianza kwa nguvu zote, hana tena pa kupanda. Katika hotuba, katika wimbo na katika hadithi, kilele hujulikana kwa mabonde yake. Santuri isiyo na bonde huchosha kabla ya kushangaza. Kasoro ya pili ni tamaa ya ushujaa mtupu. Mwaka 1985, mjini Tokyo, kiongozi wa kundi la Hanatarash aliingiza tingatinga la kuchimbia ndani ya ukumbi wa muziki na kuubomoa. Watu bado wanalisimulia tingatinga hilo. Ni wachache wanaosimulia muziki uliopigwa usiku ule. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na kupasuka kwa ngoma hutokea namna hii hasa: tendo humeza sanaa, na wakati wa asubuhi haubaki ila ukuta uliovunjika. Na la tatu ni la mwili. Madaktari husema kwamba sauti ya desibeli 85 ikisikilizwa saa nane kila siku huanza kudhuru masikio, na kila inapozidi, muda wa usalama hupungua upesi. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Msikilize mtakalo, lakini punguzeni sauti.

Sasa turudi nyumbani. Je, kelele ni jambo la Wajapani na Waitalia tu? Nilipokuwa nikiandika ile methali chini ya sifuri, nilisahau urithi wangu. Tazameni mpigaji wa nyatiti wa Kijaluo. Nyuzi nane zingemtosha kama angetaka noti tupu. Lakini hufunga njuga mguuni, na katika kidole cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga ubao wa kinanda chenyewe, hata kila noti ikaja na mgongano wake. Tazameni kayamba la Wamijikenda, lililojaa mbegu ndani ya matete: halina noti hata moja, na bila yake ngoma haiendi. Mafundi wa marimba katika sehemu nyingi za Afrika huziba vitundu vya vibuyu kwa utando wa buibui, ili sauti safi ya ubao itoke ikiwa na mkwaruzo. Wenye vinanda vya vidole hufunga vipande vya bati kwa sababu iyo hiyo. Kwa babu zetu sauti safi mno ilikuwa kama chakula kisicho na chumvi. Basi kijana aliyeukwaruza mlio wa mashine akapiga debe alikuwa karibu na babu zake kuliko mwalimu wake, aliyepima kila kitu kwa kipimo cha kwaya.

Na jambo hili halikuishia kwa mababu. Katika mji wa Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la marehemu Mawangu Mingiedi lilitaka vinanda vya vidole visikike katikati ya vishindo vya mji. Hawakuwa na fedha za kununua vyombo vya kukuzia sauti, wakavitengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu. Vyombo hivyo vilikwaruza sauti. Nao, badala ya kuomba radhi, waliupenda mkwaruzo, ukawa ndio alama yao, na santuri yao ya Congotronics ikawafanya wajulikane duniani. Katika Dar es Salaam, vijana wa mitaa kama Manzese na Tandale walizua singeli, muziki ambao mapigo yake aghalabu huzidi 200 kwa dakika. Sauti zake hukatwa kwa kompyuta kuukuu hata zikawa nyembamba na kali kama nyembe. Mwaka 2017 nyimbo zilizorekodiwa katika studio ya Sisso, Mburahati, zilikusanywa katika santuri iitwayo Sounds of Sisso na kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Jina la kampuni hiyo halipendezi katika Kiswahili, lakini kwa Kiganda wenyewe hulieleza kuwa ni hamu ya kucheza ya ghafla isiyozuilika.

Ni kampuni hiyo hiyo iliyotoa mwezi wa Agosti 2020 kazi ambayo nataka kuipima kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ni ya Wakenya, nayo ndiyo iliyokaribiana zaidi na kelele za Japani. Inaitwa Duma. Sisi wa Kiswahili tukisikia neno hilo twamwona mnyama wa mbio. Wenyewe walisema wamelitoa katika Kikikuyu, kwa maana ya giza. Walioifanya ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika makundi ya muziki mzito wa magitaa, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Waliirekodi mjini Kampala katikati ya mwaka 2019.

Yaliyomo ni haya. Ngoma zimetengenezwa kwa mashine, nazo huenda mbio ambayo mkono wa mtu hauwezi. Magitaa yamekwaruzwa hata hayatambulikani kama magitaa. Juu ya yote hayo Khanja hulia: hupiga ukelele, hunguruma, husaga maneno kwa meno. Asiyezoea atasema mtu huyu anateswa. Lakini sikilizeni tena, mtaona kwamba ukelele wake una mahali pa kuanza na mahali pa kukoma. Kwamba hungoja ngoma. Kwamba hujua lini anyamaze. Mtu anayelia kwa uchungu hasa halindi mapigo. Huyu analinda mapigo, kwa hiyo amekwisha kuufanya uchungu kuwa kazi ya mkono wake. Kwa hakika ndivyo wafanyavyo waombolezaji katika matanga ya makabila yetu mengi: kilio chao kina mpango, na mpango hauufanyi uchungu kuwa wa uongo, huupa njia ya kutokea.

Sifa ya pili ya Duma ni kwamba haikuiga. Ingekuwa rahisi kwa vijana wa Nairobi kunakili makundi ya Ulaya na Marekani, magitaa kwa magitaa na nywele kwa nywele, na wengi wamefanya hivyo. Hawa wawili walikwenda Kampala wakakaa pamoja na watu wa ngoma za kompyuta, na matokeo yake ni kitu kisichokuwako kabla yao. Ngoma zao hazipigi kama za muziki mzito wa Uingereza. Zina mapigo yanayopishana kama ya ngoma za kwetu, yakipelekwa kasi hata yakawa ukungu. Twaweza kuikataa kazi yao, lakini hatuwezi kusema tumeisikia mahali pengine.

Kasoro zake nazo ni mbili. Ya kwanza, maneno ni vigumu kuyashika. Mtu akipaza sauti kiasi hicho, msikilizaji hutaka kujua anasema nini. Na hapa aghalabu hujui kama anamlilia Mungu, anamlaani jirani au anahesabu fedha zake. Watetezi wake watasema sauti yenyewe ndiyo neno. Nakubali nusu. Nyimbo nyingi za kuomboleza hazina maneno, nazo hutufikia. Lakini tunajua nani amekufa. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wimbo mmoja umepewa jina linalomwambia mtu ajiue kabla hajauawa. Huenda mtungaji alikusudia dhihaka, au hasira ya mtu aliyezingirwa. Mimi nimefundisha vijana miaka mingi, na najua kwamba yuko asomaye jina kama hilo akiwa peke yake usiku, bila mtu wa kumwambia kwamba ni dhihaka. Msanii ana uhuru, nami sitaki anyang'anywe; lakini mhakiki naye ana uhuru wa kusema kwamba hapa uhuru umetumiwa ovyo. Na kijana aliyeelemewa na huzuni asiifanye santuri kuwa mshauri wake. Amwendee mtu amwaminiye.

Yafaa kuiweka Duma kando ya kazi ya Mkenya mwingine, ili ionekane kwamba mlango wa kelele unaingia katika nyumba yenye vyumba vingi. Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 2020, mwaka ule ule wa Duma, alitoa santuri iitwayo Peel. Yeye hunasa sauti za mahali, kama vile njia, mvua na watu wa mbali, akazinyoosha na kuzitandika polepole kama mtu atandikaye shuka. Hakuna ngoma wala ukelele. Mwaka 2022 alitoa kazi nyingine, Temporary Stored, aliyoitengeneza kwa sauti za Waafrika zilizonaswa zamani na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Ubelgiji. Ona ajabu yake: sauti zilizochukuliwa kwetu zimefungwa kabatini Ulaya, na kijana wa Nairobi anazifungulia ziseme tena. Mimi naipenda kazi yake kuliko Duma, kwa kuwa ina mabonde niliyoyatafuta bila kuyaona katika kelele za Merzbow. Lakini sisemi kwamba aliye kimya ana haki kuliko apazaye sauti. Wote wawili walianza mahali pamoja: waliamini kwamba sauti ambayo watu huipita njiani yafaa kusikilizwa.

Na kama mtu bado anadhani Japani iko mbali, ajue kwamba njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2021 mwanamuziki wa Kijapani Shigeru Ishihara, kwa jina la Scotch Rolex, alitoa santuri iitwayo Tewari aliyoifanya Kampala, na miongoni mwa sauti zilizomo ni ya MC Yallah wa Uganda, na ya Khanja wetu, ambaye hujiita Lord Spikeheart. Mwaka 2024 Khanja alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept. Wajapani walianza kwa kupelekeana kanda kwa posta. Leo Mjapani na Mkenya hukutana katika chumba kimoja pembeni mwa Ziwa Viktoria, na hakuna aliye mwanafunzi wa mwenziwe.

Sasa narudi kwa kijana wangu wa Plateau, kwa maana yeye ndiye kesi, na hao wengine wote ni mashahidi. Sisemi kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Sijui. Nilisikiliza robo yake. Huenda dakika tatu zilizobaki zilikuwa ovyo kama nilivyodhani; huenda katika dakika ya tatu mashine ilizimwa, na debe likabaki peke yake, na katika kimya kile tungesikia jambo ambalo hakuna kwaya iliyotuambia siku ile kuhusu mahali tunapoishi. Hakuna ajuaye isipokuwa yeye. Nilipomaliza kujifunza haya niliyoyaandika nilimtafuta, lakini alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha nne na kwenda zake, na wenziwe waliniambia kwamba simu ile aliiuza. Sifuri yangu imebaki katika daftari la shule, na wino wake haufutiki.

Nimeitafakari sana ile methali niliyomwandikia. Ni methali nzuri, na hekima yake ni ya kweli juu ya watu wenye majivuno. Lakini methali ni kama panga: humsaidia alimaye, na humkata yeyote aliyesimama karibu. Mimi niliitumia ili nisifanye kazi niliyopewa. Hoja ya debe ilikuwa kwamba li tupu, na utupu wa debe hujulikana kwa kulifungua na kutazama ndani. Sikulifungua. Zaidi ya hayo, debe likiwa tupu ndipo livumapo; likijaa mahindi haliwezi kupigwa. Kila ngoma duniani, hata ile tuipendayo, ni tupu ndani.

Basi nawaachieni, vijana, kanuni nne za kuhukumu sauti ngeni, na hizi hufaa vile vile kwa shairi geni, picha ngeni na mtu mgeni. Kwanza, sikiliza hata mwisho. Anayehukumu nusu ya kazi amejihukumu mwenyewe. Pili, sikiliza mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mtu husikia mshangao wake tu. Tatu, uliza mtunzi alikusudia nini, kisha pima kama amekifikia alichokikusudia, usimpime kwa alichokusudia mwingine. Nne, baada ya hayo yote, uliza kama jambo lenyewe lilistahili kukusudiwa. Na hapo usiogope kukataa. Atakayezifuata kanuni hizi huenda bado akaizima kazi ya Merzbow, akaifunga ya Duma, akarudi kwa kwaya yake. Hatakuwa amefanya kosa lolote. Amesikiliza, na aliyesikiliza ana haki ya kuondoka.

Jioni hii ninapoandika, mashine ya kusagia mahindi inanguruma ng'ambo ya barabara. Imesaga kwa miaka mingi na sikupata kuisikia ila kama kero. Leo naona kwamba haingurumi sawasawa: mahindi yakimwagwa sauti hushuka, yakisagika hupanda, na kabla ya kuzimwa hutoa mlio mrefu mwembamba unaofifia taratibu hata mtu asijue ni wakati gani umekwisha. Kijana yule aliusikia mlio huu kabla yangu, akajaribu kunionyesha. Ningempa alama gani, sijui. Lakini najua kwamba ningemngoja amalize.